Milioni moja kwenda Zomba na kurudi

Bibi yangu hakuuliza zitatoka shilingi ngapi. Aliuliza, "Unaenda kwa nani?"

Ilikuwa Jumapili ya mwisho ya Oktoba 2023, kesho yake nasafiri, nami nimekwenda Mpunguzi, nje kidogo ya mji wa Dodoma, kumuaga. Amekaa mkekani anabambua karanga. Nikamwambia siendi kwa mtu, naenda Malawi kutembea. "Kuna msiba?" Hakuna. "Harusi?" Hakuna. "Umepata biashara?" Sijapata, bibi. Akatupa ganda, akabambua karanga nyingine mbili tatu, kisha akasema kama mtu aliyekwisha kuelewa: "Basi una hela."

Hapo ndipo tulipopishana, maana hela sikuwa nayo. Nilikuwa na milioni moja. Na yenyewe ilikuwa ya kuokoteza: kibubu cha shilingi 2,000 kila siku niliyofungua steshenari tangu Januari, zamu yangu ya mchezo na kina mama wa Nkuhungu, mtaa ninaokaa hapa Dodoma, na mgawo wangu wa zabibu za familia zilizovunwa Septemba. Pasipoti nilikuwa nimeilipia mapema, 150,000. Siiingizi kwenye hesabu hii, kwa sababu mara ya kwanza nilipoiingiza nilitaka kuahirisha kila kitu.

Mpango wenyewe ulikuwa kuvuka mpaka wa Kasumulu, kushuka na Ziwa Nyasa hadi kusini mwa Malawi, na kurudi kwa njia ileile. Siku 19, begi moja mgongoni. Viza Mtanzania haombi. Mwenyeji sikuwa naye hata mmoja, na hilo ndilo lililomsumbua bibi kuliko umbali.

Nilianza kama tunavyoanza wote siku hizi, kwa kusoma walionitangulia. Wengi walioandika kuhusu kuzunguka Malawi na begi wametoka mbali sana, na karibu wote wana kipimo kimoja: dola kadhaa kwa siku. Mmoja alisema dola 40 zinamtosha mtu anayejibana. Nikapiga hesabu, nikapata laki moja. Chumba changu nalipa elfu sitini kwa mwezi. Yaani huyo anayejibana, kwa siku moja anamaliza kodi yangu ya mwezi mzima na bado ana ya nauli na mchana.

Nikasema basi nami niwe na kipimo changu. Milioni gawanya kwa 19, shilingi 52,600 kwa siku. Ikanipendeza. Nikaiandika kwa kalamu nyekundu na kuibandika ukutani juu ya mashine ya fotokopi, wateja wakawa wanauliza ni bei ya nini. Ilikaa pale wiki nzima kabla sijagundua kwamba ni uongo.

Siku ya 52,600 haipo. Kuna siku unakaa kwenye kibaraza unaangalia ziwa, umekula ugali na dagaa, umelala kitanda kilekile cha jana, umetumia elfu kumi na tano. Halafu kuna siku ya barabara: nauli, begi linatozwa, maji, chakula cha stendi, umefika usiku umechoka, unachukua gesti ya kwanza utakayoiona kwa bei atakayotaja mwenye nayo. Siku hiyo inakula elfu themanini bila kukuomba ruhusa. Ukijipangia wastani, siku za kukaa zitakudanganya kwamba umebana sana, utajiongezea soda na samaki, na siku ya barabara itakukuta huna.

Aliyenionyesha njia nyingine ni bibi huyohuyo, ingawa yeye alikuwa anazungumzia uwele. Huku kwetu Ugogo mvua ni ya msimu mmoja, na ikikosea imekosea mwaka mzima. Kihenge kikijaa Mei au Juni, ndicho hichohicho mpaka mavuno mengine. Bibi hajawahi kugawa kihenge kwa siku. Kitu cha kwanza anatoa mbegu, anaifunga na kuitundika juu ya jiko ipigwe na moshi. Hiyo hata mtoto akilia haiguswi. Kisha anatenga ya wageni na ya misiba. Kisha anatenga ya kipindi cha kulima, ambacho watu wanashinda shambani na wanakula zaidi, na bahati mbaya ndicho kipindi ambacho kihenge kimeshuka. Kinachobaki ndicho cha kula kiangazi, kwa kubana. Amelelewa na watu waliopita kwenye Mtunya, ile njaa ya 1917 hadi 1920, vita ya kwanza ilipokwisha kusomba mifugo, nafaka na vijana wa Ugogo. Hasimulii sana. Anatundika mbegu tu.

Nikabandua karatasi ya fotokopi. Nikaanza na mbegu: nauli ya kurudi kutoka mahali pa mbali kuliko pote nitakapofika, yaani Zomba, mpaka mlangoni kwangu Nkuhungu. Nilikadiria 130,000, nikatenga 150,000. Nikazifunga kwenye pindo la kanga, fundo mbili, na kanga nikaiweka chini kabisa ya begi. Kilichofuata sikukigawa kwa siku, nilikigawa kwa vipande vya njia. Dodoma hadi mpakani, mpakani hadi Livingstonia, Livingstonia hadi Nkhata Bay, na kuendelea hivyo. Kila kipande na fungu lake, ndani ya fungu nauli kwanza, kitanda cha pili, chakula mwisho. Kwa sababu chakula kinaweza kupunguzwa, nauli haipungui. Nikatenga laki moja ya ugonjwa na balaa. Na elfu sitini ya zawadi.

Hilo fungu la zawadi sikuliona kwa mwandishi yeyote wa dola 40. Wao wanarudi na picha. Mimi nikirudi Dodoma mikono mitupu kutoka nchi ya watu, mama atanipokea vizuri, shangazi atanipokea vizuri, na habari hiyo itasimuliwa kwenye kila kikao cha familia mpaka niolewe.

Begini niliweka unga wa mlenda mkavu, nusu kilo, karanga za bibi, na ubuyu. Mlenda unahitaji maji ya moto na chumvi, na unageuza ugali wowote wa mtaani kuwa mlo. Nitaurudia huo mlenda mbele kidogo.

Kabla ya kuondoka nilitaka kununua dola mia moja tu za tahadhari. Mwaka ule dola zilikuwa zimeadimika nchini, wenye kumbukumbu watakumbuka. Mahali pa kwanza nikaambiwa hakuna. Mahali pa pili nikaulizwa tiketi ya ndege, nikasema naenda kwa basi, yule dada akanitazama kwa huruma. Nikaondoka na shilingi zangu. Hilo lilikuja kunigharimu Lilongwe.

Kutoka Nzuguni stendi basi lilipita Mtera, likapanda Iringa, Makambako, Mbeya jioni. Usiku mmoja Mbeya, gesti elfu kumi na tano. Asubuhi gari la Kasumulu, kupitia Tukuyu, kijani mpaka macho yanauma kwa mtu aliyezoea miiba ya kwetu. Hadi nafika mpakani nilikuwa nimetumia 64,000, ndani ya fungu. Nilijiona mhasibu.

Mpakani ndipo nilipofanya kosa la kwanza.

Benki za Malawi wakati huo zilikuwa zinahesabu dola moja kwa kwacha 1,180 hivi. Mtaani dola ilikuwa ghali kuliko hapo kwa mbali, kwa sababu benki hazikuwa nazo za kuuza. Nchi inauza tumbaku, chai na sukari, inaagiza mafuta, mbolea na dawa, na kinachoingia hakifiki kinachotoka. Kwa hiyo kulikuwa na bei mbili za pesa ileile, na wale vijana wa Kasumulu wenye mabunda na kikokotoo wanafuata ya mtaani. Kwa shilingi 1,000 nilipewa kwacha 650. Nilijua ya benki ingekuwa chini ya 500, nikafurahi. Kijana akaniambia, "Dada, ukibadili nyingi nakuongezea." Nikabadili laki nne kwa mkupuo, kwacha 260,000. Nikazihesabu mwenyewe mara mbili, noti moja moja, maana kuna noti huwa zinakunjwa katikati ya bunda ili ihesabiwe mbili. Nilikuwa makini sana na noti. Sikuwa makini na swali la kwa nini mtu ana haraka ya kuondokana na kwacha zake.

Ofisa wa uhamiaji upande wa pili aliuliza, kwa Kiswahili safi, ninakwenda kwa nani. Nikamwambia natembea. Akageuza pasipoti mpya isiyo na muhuri hata mmoja. "Biashara ya nini?" Natembea tu, kaka. Akagonga muhuri huku akitabasamu vile watu wanavyotabasamu wakijua unawaficha kitu.

Karonga, mji wa kwanza ukishavuka, haikuwa ugeni. Kiswahili unajibiwa, maandazi yanaitwa mandasi, togwa inaitwa thobwa. Sokoni wanauza mchele mzuri wa pale wilayani, nikauliza jina lake, nikaambiwa Kilombero. Nikacheka peke yangu. Nilikuwa nimeshaanza kuutolea macho kwa ajili ya zawadi, lakini kumpelekea mama mchele wa Kilombero kutoka nje ya nchi ni kutafuta maneno. Kuna makumbusho madogo yenye mfano wa mifupa ya Malawisaurus, dainosaria aliyefukuliwa wilaya ileile. Inafaa saa moja.

Livingstonia nilipanda kwa miguu kutoka Chitimba, ziwani. Pikipiki waliniambia kwacha 10,000, nikaona hicho ni kitanda cha usiku mzima. Barabara ni ya vumbi na mawe, ina kona za kujikunja zipatazo ishirini, na nilitumia saa tano, begi likiwa na nusu kilo ya mlenda ambayo kila kona ilizidi kuwa nzito. Juu kuna misheni ya Waskoti iliyohamia hapo 1894, chini ya Robert Laws, baada ya malaria kuwafukuza ziwani mara mbili, kwanza Cape Maclear kisha Bandawe. Nyumba za matofali, baridi, maporomoko ya Manchewe, na ziwa lote limelala chini. Nilikaa usiku tatu na kutumia kidogo kuliko kokote. Jioni ya pili nilimwomba mama mwenye jiko maji ya moto nikakoroga mlenda wangu. Akaja kuangalia. Akaonja. Akasema kwao bamia ni therere na wanaipika hivyohivyo iteleze, kisha akaniuliza hiki changu kinaitwaje. Nikasema mlenda. Akaangua kicheko, akaita mwenzake. Mgeni kwa Kichewa ni mlendo. Kwa siku zote zilizobaki nilikuwa mlendo mwenye mlenda, na sahani ya nsima iliyokuja na jina hilo haikuandikwa kwenye bili.

Niliiandika mimi kwenye daftari, upande wa mapato. Sikujua pengine pa kuiweka.

Nkhata Bay ni mji mdogo wa ghuba, na ndipo wenye mabegi wanapokusanyika. Kitanda cha bweni, wavu wa mbu, ngazi za kuteremka majini. Mahali pa kwanza nilipoulizia nilitajiwa bei kwa dola, nikasema mimi Mtanzania, wakanitajia kwa kwacha, ikawa kama nusu. Ulizeni, jamani. Meli ya Ilala, iliyoanza kutembea ziwa lile 1951, sikuipanda. Siku zake na zangu hazikukutana, na kuisubiri ilikuwa na bei yake.

Hapo nilikaa meza moja na kijana wa Kiholanzi anayezunguka kwa miezi. Tulikula chambo, samaki wa ziwa anayefanana na sato, sahani kwacha 5,000 kila mmoja. Tukalinganisha madaftari, maana naye ni mtu wa kuandika. Samaki wangu, kwa pesa ya Kasumulu, alikuwa shilingi 7,700. Wake alikuwa amemlipia kwa pesa iliyotoka kwenye mashine ya benki kwa kadi yake, kwa kiwango cha 1,180: zaidi ya dola nne, zaidi ya shilingi elfu kumi. Sahani mbili, samaki wawili wa maji yaleyale. Wiki tatu nzima alikuwa akinung'unika kwamba Malawi ni ghali kuliko alivyosoma, na hakujua kwamba ughali ule uko kwenye kadi. Nilijisikia mjanja. Nilimweleza kwa kirefu, naona aibu sasa nikikumbuka kwa kirefu gani.

Tarehe 8 Novemba nikachukua basi Mzuzu kwenda Lilongwe, siku nzima, mashimo mengi. Nikalala.

Neno kwacha maana yake kumekucha. Lilikuwa neno la kupigania uhuru, na 1971 walipoacha pauni yao wakaipa pesa mpya jina hilo, na senti zake wakaziita tambala, yaani jogoo. Jogoo mia moja ndiyo alfajiri moja. Siku hizi majogoo hayaonekani tena, hayanunui kitu. Asubuhi ya tarehe 9 niliamshwa na redio ya chumba cha jirani na sauti za watu uani, na nilidhani kuna msiba. Benki kuu yao ilikuwa imetangaza usiku kwamba kuanzia leo dola moja ni kwacha 1,700.

Kila mtu alikuwa anasema asilimia 44, na wengi walielewa kwamba pesa yao imepoteza asilimia 44. Dola ndiyo iliyopanda bei kwa asilimia 44. Kwacha yenyewe imepoteza kama asilimia 31 ya thamani yake mbele ya dola. Nilimweleza hivyo mama mwenye gesti, nikidhani namfariji. Akaniuliza, "Na mafuta?" Mafuta yalikuwa yamepandishwa siku hiyohiyo: petroli kutoka kwacha 1,746 kwa lita hadi 2,530. Sikuwa na la kusema. Mimi ni mpita njia na kikokotoo changu, yeye ana watoto na mahindi ya kununua.

Mfukoni nilikuwa na kwacha 150,000 za Kasumulu. Nauli ya Zomba niliyokuwa nimeulizia jana yake ilikuwa 13,000, asubuhi ile kondakta akasema 18,000, na mlango uko wazi kwa asiyetaka. Na kijana wa Kiholanzi, huko alikokuwa, kadi yake ilikuwa imeamka tajiri. Samaki wa dola nne na kitu sasa, bei ya sahani ikikaa palepale hata kwa wiki moja, ni wa chini ya dola tatu. Habari ileile, asubuhi ileile.

Halafu nikagundua kosa la pili, lililoanzia kwenye dola mia nilizokosa Dodoma. Nilikuwa bado na shilingi 386,000 nje ya mbegu. Shilingi yetu inatembea Karonga, inachechemea mpaka Mzuzu, na Lilongwe haijulikani. Sehemu tatu nilizoingia walizitazama noti zangu kama picha za harusi ya mtu. Ilibidi nizunguke mji.

Na Lilongwe ni mji wa kuzungukwa na mtu mwenye nauli. Mitaa yake inaitwa Area: Area 3, Area 10, Area 47, na namba hazifuatani, zilitolewa kadiri sehemu zilivyopimwa. Mtu wa Dodoma huwezi kukosa kujisikia nyumbani, sisi wenye Area A, Area C na Area D. Hata historia inafanana kwa kupishana. Sisi tuliamua kuhamisha makao makuu 1973. Wao walihama kutoka Zomba 1975, rais wao wa kwanza, Banda, akijenga kwa mkopo wa Afrika Kusini ya makaburu. Sisi Bunge lilitangulia kukaa Dodoma na serikali ikabaki Dar miaka mingi. Wao serikali ilitangulia Lilongwe, na Bunge likabaki Zomba hadi 1994. Nimekulia kwenye mji unaosubiri kuhamiwa, kwa hiyo nilitaka sana kuuona mji uliohamwa. Ndiyo maana Zomba ilikuwa mwisho wa ramani yangu, wala haikuwa bahati nasibu.

Aliyeniokoa nilimkuta sokoni, mji wa zamani, nyuma ya meza ya vitenge. Niliposikia anamjibu mtu simu kwa Kiswahili cha Mbeya nilisimama palepale nikasema shikamoo bila kuangalia kama ananizidi umri. Alikuwa na shida kinyume na yangu: ana kwacha, anataka shilingi za kuwapelekea nyumbani. Tukahesabiana nyuma ya meza, laki mbili zangu kwa kwacha 152,000 zake, yaani 760 kwa kila 1,000. Sheria zao za fedha za kigeni zina makali, na mimi nasimulia tu, sishauri. Kwa bei hiyo niliweza kupima hasara ya Kasumulu. Zile kwacha 150,000 zilizokuwa mfukoni nilizinunua kwa shilingi kama 231,000. Kwa 760 ningezipata kwa 197,000. Zaidi kidogo ya elfu thelathini na tatu zilikuwa zimeyeyuka usiku mmoja nikiwa nimelala, kwa sababu ya kijana aliyeniita dada na kuniongezea. Lau ningebadili laki moja moja, ningepoteza chini ya robo yake.

"Na hapa umefikia kwa nani?" akaniuliza kaka wa vitenge akifunga pesa. Nikamwambia gesti. Akasikitika kwa dhati, akaniuzia kitenge cha mama kwa bei aliyosema ni ya ndugu. Fungu la zawadi likafunguliwa hapo.

Kitu kimoja kilikatwa siku hiyo, nacho ni mlima Mulanje. Kwenye daftari ilikuwa na kipande chake cha pembeni, kutoka Zomba na kurudi Zomba: nauli, mbeba mizigo, usiku mbili mlimani. Niliifuta chini ya mti sokoni. Nisingeweza kuipanda bila kufungua fundo la kanga.

Barabara ya kusini ilikuwa na foleni ndefu kwenye vituo vya mafuta, na wauza panya. Panya wa porini, wamebanikwa, wamebanwa kwenye vijiti kama mishikaki. Wanaitwa mbewa. Jirani yangu kwenye kiti alinunua na kunikaribisha. Nilishukuru kwa ubuyu.

Zomba nilikaa siku tatu. Ni mji uliotulia, miti mikubwa, majengo ya zamani ya serikali yenye mabati mekundu, chuo kikuu, soko zuri. Hauna huzuni niliyoitarajia. Nadhani nilitegemea kukuta watu wanaangalia barabara ya Lilongwe. Wanauza matunda. Mlimani juu ya mji kuna mahali pa kusimama, na siku ya pili hewa ilikuwa safi, nikaiona Mulanje kusini mashariki, nyeusi, imejitenga na kila kitu, na kilele chake Sapitwa cha mita 3,002. Nikaiandika kwenye daftari: Mulanje, kwacha 0.

Tarehe 13 nikaanza kurudi, na hapo ndipo nilipofungua kanga. Nauli zote zilikuwa zimepanda. Zomba hadi Lilongwe 18,000, Lilongwe hadi Mzuzu 27,000, Mzuzu hadi Karonga 17,000, hadi mpakani 6,000. Jumla kwacha 68,000, wakati nilipanga 49,000. Lakini mbegu ilikuwa shilingi, na shilingi sasa ilikuwa inanunua kwacha nyingi zaidi. Nililipa kwa kwacha za yule kaka, kisha nikajirudishia kutoka kwenye fundo, kama 89,000. Ongezeko lililonifika lilikuwa elfu kumi na nne tu. Kama ningeitunza nauli hiyo niliyoipanga kwa kwacha tangu Kasumulu, ingeishia njiani kabla ya Karonga.

Karonga, usiku wa tarehe 15, tumekaa tunakula usipa, dagaa wao, kwenye kibanda chenye redio. Rais Chakwera alikuwa anahutubia. Shirika la Fedha la Kimataifa limeidhinisha mkopo wa dola milioni 175, naye anasimamisha safari zote za nje za serikali, kuanzia zake mwenyewe, hadi Machi, na mawaziri walioko nje warudi. Posho za mafuta za wakubwa nusu. Watu kibandani walicheka kicheko cha kutoamini. Mimi nilimwelewa vizuri sana. Nilikuwa na begi miguuni na nauli ya kesho kwenye pindo.

Nilifika Nkuhungu tarehe 17 jioni. Mbegu ilikuwa imebaki shilingi elfu sita. Ile laki ya balaa ilitoka salama isipokuwa elfu nane za dawa ya tumbo, ambayo sitaisimulia. Zawadi zilivuka fungu kwa sababu ya kitenge cha pili. Milioni yote kwa jumla ilirudi na 131,000, ambazo mama aliziona mezani na kunikumbusha kwamba bati la jikoni linavuja.

Jumapili nikaenda Mpunguzi. Mbukwenyi, bibi, nikamsalimu kwa Kigogo. Nikampa majani ya chai ya Thyolo, nikamrudishia kifuko chake cha karanga kikiwa kitupu. Akataka kuona hela za huko zikoje. Nilikuwa nimebakiwa na noti ya kwacha 200, ambayo Dodoma nzima hakuna wa kuibadili na huko kwenyewe hainunui andazi la maana. Ina picha ya Rose Chibambo, mwanamke wa kwanza kuwa waziri kwao. Bibi akaipeleka mwangani, akaigeuza, akaisogeza karibu na jicho lake zima.

"Ndiyo huyu uliyefikia kwake?"

Nikamwambia ndiyo.